Sisi wa Visimani

Babu yangu mzaa baba alikuja Mpanda akiwa kijana, akitokea upande wa Inyonga, kwa Wakonongo. Alikuja kutafuta kibarua kama vijana wengine, na kibarua cha kwanza alichopata ni kuchimba choo cha mwenye duka mmoja pale Kashaulili. Siku ya nne shimo likaanza kutoa maji. Mwenye duka alikasirika, maana choo hakichimbwi kwenye maji. Lakini mke wa mwenye duka alikuwa anateka mtoni kila siku, akatoka na ndoo yake, akasema shimo hilo lisiguswe tena. Choo kikahamishiwa nyuma ya uwanja, mbali kabisa, na Babu akaambiwa aendelee kuchimba hapohapo mpaka mwisho. Ndivyo alivyoingia kwenye kazi ya visima. Hakuitafuta.

Bibi yeye ni Mbende, kwao Kasokola. Walioana Babu akiwa ameshachimba visima vitatu, na tangu kisima cha nne Bibi ndiye aliyeshika kamba. Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Juu ya shimo wanalaza gogo juu ya nguzo mbili. Kamba inazungushwa kwenye gogo. Upande mmoja yuko mtu anayechimba chini, amefungwa kifuani, na upande wa pili yuko anayemshusha na kumpandisha, yeye na ndoo za udongo. Mchimbaji hana kingine cha kumwokoa zaidi ya kamba hiyo na mtu huyo.

Watu walicheka. Mwanamke kushika kamba ya kisima halikuwa jambo la kawaida, na jamaa zake Babu kutoka Inyonga walipokuja kumtembelea walimwambia wazi kwamba anawaaibisha. Kwa nini asitafute mwanaume mwenye nguvu? Bibi ananisimulia kwamba Babu alikuwa anakula, akamaliza tonge lake kwanza, ndipo akawajibu.

"Huyo mwanaume mwenye nguvu atakuwa anataka ujira. Mwenye kisima anataka maji. Huyu peke yake ndiye anayetaka nirudi nyumbani."

Wakanawa mikono, wakala naye.

Nimekua nikisikia sifa za Babu kila mtaa wa mji huu, na nyingi ni za kweli. Alijua kusoma ardhi. Aliangalia vichuguu, aliangalia mti gani umebaki na majani mabichi mwezi wa tisa, alichukua udongo akausugua kati ya vidole mpaka ajue una nini. Kabla ya kushuka alitanguliza kibatari kilichowashwa kupima hewa, na kikizimika hakushuka mtu siku hiyo hata mwenye kisima alie. Lakini alikuwa na ukali pia. Baba yangu alifanya naye kazi tangu utoto na sijawahi kusikia kwamba alisifiwa hata siku moja. Babu akiridhika alinyamaza. Asiporidhika ndipo ulipomsikia.

Jambo lililotufanya tuwe familia tuliyo leo lilitokea kijijini Kasekese, kabla sijazaliwa. Mkulima mmoja alitaka kisima shambani kwake, na Babu, Bibi na Baba wakaenda kukaa huko wiki mbili. Baba alikuwa kijana, ndio kwanza ameanza kuota ndevu. Juu udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, unakaa vizuri, ndiyo maana Babu hakuweka kizuizi chochote. Walipofika kina cha watu wanne waliosimama mmoja juu ya mwenzake wakakuta udongo wa kichanga. Asubuhi hiyo Babu alikuwa ameinama anajaza ndoo, upande mmoja wa kisima ukaporomoka. Hakukuwa na mlio mkubwa. Bibi anasema ilisikika kama gunia la mpunga linapomwagwa sakafuni. Alipochungulia akaona kichwa na mikono ya mumewe, mengine yote yamefukiwa.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo mimi, hata leo, huirudia kichwani. Bibi angevuta kwa nguvu, kamba ingemkata Babu kifuani, maana mchanga ulikuwa umemshika kiunoni na miguuni. Angeilegeza, mchanga ulikuwa bado unatembea, ungemmeza. Kwa hiyo hakuvuta na hakulegeza. Aliizungusha kamba kiunoni mwake, akakanyaga nguzo kwa miguu miwili, akaikaza pale ilipokuwa. Akamwambia Baba akimbie kutafuta watu.

Kwenye shamba la jirani walikuwepo wanaume wanapalilia maharage, ndugu wa familia moja wenye asili ya Burundi. Wakati huo walikuwa bado wakimbizi, wanaishi kwenye makazi yao, na watu wa huko waliwasema vizuri na vibaya, kama watu wanavyowasema wageni. Baba hakuwajua. Aliwafikia hana pumzi, akaonyesha tu kwa mkono. Mkubwa wao, mzee tayari, alitupa jembe, akauliza swali moja: mchanga au mfinyanzi? Aliposikia mchanga akawageuza ndugu zake, wakaenda kwanza kukata miti. Baba aliwapigia kelele, akidhani wanapoteza muda. Yule mzee alikuwa anajua anachofanya. Mtu akishuka kwenye mchanga bila miti, mnakuwa na wawili wa kuzika.

Walishusha miti mmoja mmoja, wakaisimamisha kuzunguka ukuta, wakaifunga, ndipo mmoja wao akashuka na kuanza kutoa mchanga kwa sufuria, maana beleshi lisingepata nafasi. Kazi hiyo ilianza jua likiwa halijafika kichwani na ikaisha alasiri. Muda wote huo Bibi hakukaa na hakubadilishana na mtu. Walimwomba awape kamba. Alikataa kwa kichwa tu, hakuwa na sauti ya kusema. Binti wa yule mzee, aliyekuwa amewaletea wanaume uji shambani, alikaa kando yake akawa anamnywesha maji kwa kata, na anamfuta jasho lisimwingie machoni.

Babu alitolewa akiwa hai, nyonga imeumia. Tangu siku hiyo hadi mwisho wake alichechemea. Bibi alipoachia kamba vidole vyake havikunyooka, yule binti akavinyoosha kimoja kimoja kwa maji ya moto.

Binti huyo ndiye mama yangu.

Baba alirudi Kasekese kushukuru, akarudi tena kumalizia kile kisima pamoja na wale ndugu, halafu akawa anarudi bila kisima. Alitumia baiskeli, na Baba si mtu wa maneno, kwa hiyo Mama anasema ilimchukua muda mrefu kufahamu kijana huyu anakuja kufanya nini. Alipofahamu alimcheka, kisha akamwambia aende kwa yule mzee, baba yake. Upande wao hawakuwa na neno zito. Shida ilikuja upande wetu. Shangazi zake Baba walikusanyika Kasokola wakasema mabinti wa Kibende na wa Kikonongo wamejaa, kwa nini kijana akaoe mkimbizi, mtu asiyejulikana kwao ni wapi. Babu alikuwepo na nyonga yake. Bibi ndiye aliyesema.

"Walipokuwa wanamchimbua mume wangu sikuwauliza wanatoka wapi. Leo niwaulize?"

Harusi ikafanyika.

Mama aliingia nyumba ambayo kila mtu alizungumzia maji na udongo, na hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alikuwa ameona mapema mno inavyoweza kuishia. Nadhani yeye ndiye aliyemsukuma Baba kubadilisha namna ya kuchimba. Baba alijifunza kufyatua pete za zege, karavati, zile duara kubwa unazoziona zimepangwa kando ya barabara. Badala ya kuchimba kisha ujenge, anaweka pete juu ya ardhi, mtu anachimba akiwa ndani yake, na pete inashuka yenyewe taratibu kadiri udongo wa chini unavyotolewa. Inawekwa nyingine juu yake. Mchimbaji yuko ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kazi inachelewa na saruji inaliwa, na Babu mwanzoni aliita hayo mambo ya watu waoga. Baba hakubishana naye. Aliendelea kufyatua pete zake kule Kasokola, na katika miaka yote aliyochimba hakuna mtu aliyeumia chini ya mikono yake. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba yangu kuwa mtu mkimya tu, hana makubwa. Nimeanza kumheshimu nikiwa mtu mzima, nilipohesabu watu waliorudi nyumbani kwao wamechafuka tope na si zaidi.

Kati ya Mama na Bibi kulikuwa na jambo ambalo sijaliona sana kwa mama mkwe na mkamwana. Walifanya kazi pamoja bila kuongea. Mama alikuwa na Kirundi chake na Bibi Kibende chake, na Kiswahili wote walijifunzia ukubwani, kwa hiyo kila mmoja alikosea mahali pake. Sisi watoto tulicheka. Wao hawakuona cha kuchekesha.

Nakumbuka siku Mama aliporudi na cheti cha uraia. Alikuwa amekisubiri miaka mingi, kwa foleni na fomu na kuitwa na kurudishwa. Alikuwa amekiviringisha kwenye kanga mpya, akakiweka mezani, akatuita wote. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akatazama karatasi, akamwuliza mkamwana wake kwa mzaha, "Kwani jana ulikuwa nani?"

Alidhani anamfurahisha, kwamba kwake yeye Mama alikuwa mtu wa hapa siku zote. Lakini Mama alianza kulia. Alilia akiwa amesimama, bila kujifunika uso, na sisi tukakosa pa kutazama. Bibi akaweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, akamsogelea Mama, akamwomba radhi waziwazi, "Nisamehe mwanangu." Kisha akaniambia nisome ile karatasi yote, kuanzia juu. Bibi hajui kusoma. Nilisoma kila mstari mpaka sahihi na muhuri, naye akasikiliza kama anavyosikiliza somo kanisani, na nilipomaliza akasema nirudie pale penye jina la mama yangu.

Mimi sikuwa mchimbaji. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na sababu yake ninaijua. Nikiwa na miaka kumi na mitatu niliombwa kushika kamba kwa mara ya kwanza, siku ambayo Bibi alikuwa anaumwa mgongo. Alikaa pembeni yangu kwenye kigoda, akanielekeza. Kilikuwa kisima cha hapa mjini, karibu kimekamilika, Baba yuko chini anasawazisha. Nilikuwa napandisha ndoo ya udongo. Msichana niliyesoma naye akapita njiani, akaniita, nikageuka nimwitikie. Kamba ikateleza kiasi cha mkono mmoja. Ndoo ikayumba, ikagonga ukuta na kummwagia Baba mawe begani. Alipiga ukelele mfupi, kisha akasema yuko salama.

Nilitegemea kupigwa. Bibi alisimama na mgongo wake unaouma, akaichukua kamba mikononi mwangu, akampandisha Baba. Akamtazama bega, likawa limechubuka tu. Halafu akanifunga mimi kamba kifuani, akakaza fundo, akaniambia nishuke.

Baba alisita. "Mama, huyu ni mtoto."

"Ndiyo maana," Bibi akamjibu.

Nilishuka. Ndani kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea, jua lilikuwa kali huko juu. Sauti za mtaani ziliisha moja baada ya nyingine, pikipiki, redio, jogoo, mpaka nikabaki nasikia pumzi yangu na maji yanadondoka mahali. Nilipofika chini nikatazama juu. Mbingu ilikuwa ndogo kama sahani ya chai. Ukingoni mwa sahani hiyo kulikuwa na uso wa bibi yangu, ananitazama. Hakutabasamu na hakugeuka. Watu walimsalimia, nilisikia sauti zao, hakuwaitikia. Nilikaa huko labda dakika tano. Nilielewa kwamba kwa miaka yote ile Babu, na baada yake Baba, hawakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa uso huo, na kwamba uso huo haukuwahi kugeuka.

Nikapandishwa. Bibi alinifungua, akaniambia niende nyumbani nikachemshe maharage. Sikushika kamba tena kwa hiari, na Bibi hakunilazimisha. Mara nyingi nimesimama mbele ya darasa la watoto sabini, mwalimu mwenzangu ananiita mlangoni, nami nimemaliza kwanza kumsikiliza mtoto aliyekuwa anasoma.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyechukua kazi. Alisoma chuo cha ufundi, leo anaendesha gari la kuchimbia visima virefu, mashine ambayo inafanya kwa siku moja kazi ya mwezi. Shangazi zake Baba wakarudia maneno ya zamani ya jamaa wa Inyonga, mwanamke na kazi ya kiume. Mdogo wangu akawajibu kwamba kwenye nyumba yetu hajawahi kuiona hiyo kazi ya kiume.

Alipokuja na mashine yake kuchimba kisima cha zahanati moja upande wa Kasokola, alimwomba Babu aje kutazama. Babu alikuwa ameshazeeka, anatembelea mkongojo. Tulimpeleka kwa bajaji, tukamwekea kiti cha plastiki kivulini. Kabla ya kuchimba mafundi walipima ardhi kwa chombo chao, nyaya na vijiti vya chuma, wakaweka alama mahali. Babu akainuka kitini, akazungukazunguka, akasugua udongo, akasema hapana. Maji yako huku. Akachoma mkongojo wake chini, hatua kama arobaini kutoka kwenye alama yao.

Mdogo wangu alikuwa kwenye shida. Mafundi wenzake walimtazama wakisubiri aseme, na babu yake amesimama pale na mkongojo. Akaenda karibu naye, akasema kwa heshima, "Babu, shikamoo yangu iko palepale. Lakini leo nitachimba walipopima."

Babu akauacha mkongojo pale, akarudi kwenye kiti chake taratibu. Walichimba alasiri nzima, na maji yakatoka pale walipopima, yakaruka juu, yakalowesha watu wakapiga vigelegele. Babu akamwita mdogo wangu. Alikuja amelowa, nadhani akijiandaa kuomba msamaha. Babu akamwonyesha ule mkongojo uliokuwa bado umesimama peke yake, akamwambia wachimbe na pale, shimo dogo tu, ajue. Isingewezekana, mafuta ya mashine si ya kuchezea, na akaelezwa. Akaitikia kwa kichwa, akaelewa.

"Basi nifundishe hicho chombo kinaonaje," akasema.

Mdogo wangu alichuchumaa kando ya kiti akamweleza, kwa kuchora mchangani, jinsi umeme unavyopita kwenye udongo mkavu na kwenye udongo wenye maji. Babu aliuliza maswali mpaka bajaji ikatuacha ikaenda kutafuta abiria wengine. Jioni hiyo, na siku zilizofuata, kila aliyekuja kumsalimia nyumbani alisimuliwa na Babu mwenyewe kwamba amechoma mkongojo mahali pengine kabisa na mjukuu wake amemshinda. Alisimulia kwa furaha kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia anamsifu mtu wa familia yake. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi anasikiliza, na sikujua alikuwa anafikiri nini.

Labda Babu naye alijiuliza hivyohivyo. Wiki chache kabla hajafariki alimwita Baba peke yake chumbani. Baba hakutusimulia yote. Alisema tu kwamba mzee alimwuliza pete za zege zinachanganywa vipi, kokoto kiasi gani na mchanga kiasi gani, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ulifanya vizuri." Baba alitueleza hayo akiwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa.

Bibi bado yupo. Anakaa kwa Baba na Mama, asubuhi anaota jua barazani, macho hayaoni vizuri. Mama ndiye anayemwogesha na kumkata kucha. Wanaongea zaidi siku hizi kuliko zamani, mchanganyiko wao ule wa lugha tatu ambao hakuna mwingine mjini hapa anayeuelewa vizuri.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani tulimkuta mgeni barazani, mama wa makamo, ana kuku aliyefungwa miguu. Hakuna aliyemjua. Alisema ametokea Kasekese, kwamba mwaka huu visima vingi vya kwao vilikauka, watu wa vitongoji vitatu wakateka maji kwenye kile cha kwao, na alipowauliza wazee nani alikichimba akaelekezwa hapa, akaja kushukuru. Bibi akamwuliza kwao ni upande gani. Yule mama akaeleza: baada ya daraja, penye migomba, ukipita shule. Bibi akafikiri sana. Tulimwona anajaribu. Kisha akasema si kile kilichomfukia Babu, na akakiri kwamba hakikumbuki.

"Vilikuwa vingi, mwanangu," akasema. "Karibu ule."

Mama akampokea kuku, akaenda kuongeza maji kwenye chungu cha wali.